Chumvi Inatokea Wapi? Shajara ya Safari ya Bahari Kuu

Jumatatu

Tumeng'oa nanga kabla ya jua kuchomoza. Chomboni nina kazi moja, kupima chumvi ya maji asubuhi, mchana na jioni. Muda unaobaki namsaidia mwanabiolojia wetu, mama mtaratibu anayechunguza jinsi wanyama wa baharini wanavyolinda maji yaliyo ndani ya miili yao. Sote tunamwita Daktari.

Kifaa changu kinaenea kiganjani. Unadondosha tone la maji juu ya kioo, unafunika, unakielekeza kwenye mwanga na kuchungulia: pale rangi ya buluu inapokutana na nyeupe ndipo penye jibu. Leo mchana, pwani ilipokwisha kuzama nyuma yetu, nimesoma 35. Yaani kila kilo moja ya maji haya ina gramu 35 za chumvi. Nyingi ni sodiamu na kloridi, ile chumvi ya kawaida, na katika zinazobaki magnesiamu na salfeti ndizo zilizotangulia. Bahari ya Shamu hufika 40 hivi, na sehemu kubwa ya Baltiki haifiki hata 10, lakini bahari kuu duniani kote haiendi mbali na hiyo 35.

Jioni Daktari amenieleza jambo ambalo safari nzima imesimama juu yake. Damu ya samaki wengi, ya ndege, ya kasa na ya nyangumi ina chumvi kama theluthi moja tu ya ile ya bahari. Na maji hayatulii pale utando mwembamba unapotenga pande mbili zisizolingana. Hupenya kuelekea upande wenye chumvi nyingi. Hiyo ndiyo osmosi. Kwa hiyo samaki anayeogelea chini yetu usiku huu ananyonywa maji na bahari ile ile inayomzunguka, huku chumvi ikimwingia bila kukoma. Kiu yake haitofautiani na ya mtu aliyepotea jangwani.

Nimeandika swali juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari: chumvi inatokea wapi? Kuingia inaingia tu, hilo halina ubishi. Mnyama huishi au hufa kwa kutegemea mlango wa kuitolea.

Jumanne

Usiku panzi, wale samaki wenye mapezi mapana wanaoruka juu ya mawimbi, wameangukia sitahani. Mmoja tumemkuta asubuhi amekwisha kufa, na Daktari hakuacha apotee bure. Amemlaza kwenye sinia, akafunua kifuniko cha shavu kwa kibano, akanisogezea lenzi.

Matamvua ni kitu cha kutazamwa kwa makini angalau mara moja maishani. Kuna tao la mfupa, juu ya tao safu ya nyuzi nyekundu, na juu ya kila uzi vijani vyembamba vilivyopangwa vikabanana. Damu iko karibu sana na maji hapo, kwani bila hivyo oksijeni isingeingia. Lakini wembamba huo huo unaompa pumzi ndio unaomvujisha maji na kumwingiza chumvi. Hawezi kuuziba, atakosa hewa.

Basi anakunywa. Anakunywa maji ya bahari, mchana na usiku. Jambo hili lilithibitishwa mwaka 1930 na Homer Smith, Mmarekani aliyetia rangi kwenye maji walimokaa mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, kisha akaikuta rangi ile imejaa matumboni mwao. Kunywa peke yake hakutoshi lakini, maana aliyekunywa chumvi amejiongezea mzigo. Kazi inaanzia kwenye umio: kuta zake hupitisha sodiamu na kloridi kuingia mwilini huku zikiyazuia maji yasiyafuate, hivyo kinachofika utumboni kimekwisha kupungua ukali. Utumboni chumvi inavutwa tena kuingia kwenye damu, na safari hii maji yanaifuata. Nilipolielewa hilo nilimwomba Daktari alirudie. Samaki anajitwisha chumvi kwanza ili apate maji, ndipo anatafuta pa kuitolea.

Mlango wenyewe uko pale pale kwenye matamvua. Mwaka 1931 mtafiti Ancel Keys alionyesha kwamba matamvua ya mkunga yanaweza kusukuma kloridi nje hata pale majini ilipo nyingi kuliko kwenye damu, na mwaka uliofuata yeye na mwenzake Willmer wakazieleza seli walizoona zinafanya kazi hiyo. Ni seli nene zilizojaa mitokondria, vile vinu vya nishati vya seli, kwa sababu kupandisha chumvi kutoka kwenye uchache kwenda kwenye wingi kunakula nguvu. Upande wa damu kuna pampu ya sodiamu na potasiamu isiyolala. Kloridi hupitia ndani ya seli na kutokea kwenye tundu la upande wa bahari. Sodiamu hupenya katikati ya seli na seli. Lile tundu la kloridi tunalo hata sisi wanadamu, kwenye mapafu na kwenye tezi za jasho, na mtoto akizaliwa nalo likiwa na hitilafu huugua maradhi mazito ya mapafu. Nililala nikiwaza jinsi kitundu kimoja kinavyowabeba samaki wa bahari nzima.

Magnesiamu na salfeti hazipiti njia hiyo. Hizo ni kazi ya figo, ambalo kwa samaki wa baharini hutoa mkojo kidogo sana, ulioshiba madini hayo. Figo la samaki haliwezi kutengeneza mkojo mkali kuliko damu yake, ndiyo maana matamvua hayana mbadala.

Mwisho Daktari akampasua utumbo. Ndani mlikuwa na punje nyeupe, ndogo kuliko mchanga, zimezingirwa na ute. Ni kalsiamu ya maji aliyokunywa, imegandishwa kuwa kaboneti ili isimlemee damuni, na samaki huitoa pamoja na choo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulikadiria kwamba samaki duniani hutengeneza kati ya asilimia 3 na 15 ya kaboneti yote inayozalishwa baharini. Kwa hiyo kiu ya samaki inagusa hata kemia ya bahari nzima.

Jumatano

Bahari shwari, na yavuyavu wengi, wale viumbe laini wanaoelea, wamezagaa pande zote. Leo sina mengi ya kuandika, kwa sababu yavuyavu hana vita vyovyote vya kupigana. Maji ya mwilini mwake yana ukali ule ule wa bahari, na hakuna upande unaomvuta mwenzake. Pweza, ngisi, kiti cha pwani na kome ni hivyo hivyo. Daktari anasema hii ndiyo njia ya zamani, na inamfaa kiumbe ambaye maji yake hayabadiliki.

Hata hivyo hawaigi bahari kwa kila kitu. Yavuyavu wengi hupunguza salfeti mwilini, ambayo ni nzito, na kloridi huchukua nafasi yake, hivyo wanakuwa wepesi kidogo na hawazami. Hesabu ya jumla haibadiliki. Kinachobadilika ni aina ya chumvi.

Alhamisi

Ndege mkubwa wa baharini ametua kwenye ukingo wa chombo, wa jamii ile inayojitumbukiza majini kutoka juu kuvua samaki. Amekaa nasi tangu saa nne asubuhi hadi jua linatua, amechoka, haogopi mtu. Nimeketi hatua chache kutoka kwake nikimtazama mdomo.

Kila baada ya muda mfupi tone linajikusanya kwenye ncha ya mdomo, linaning'inia, anatikisa kichwa, linaruka. Kisha jingine. Hana mafua. Tone moja limeangukia kwenye ubao karibu na mguu wangu. Lilipokauka limeacha alama nyeupe, nami nikaionja kwa ncha ya kidole: chumvi kali kabisa.

Kwa miaka mingi watu walibishana kama ndege wa baharini hunywa maji ya bahari au la, kwa sababu figo zao hazina uwezo wa kuitoa chumvi yote hiyo. Jibu lilipatikana mwaka 1957, wakati mtafiti Knut Schmidt-Nielsen alipowafanyia majaribio minandi, ndege wa majini wanaopiga mbizi, katika maabara ya Mount Desert Island, Maine, nchini Marekani. Aliwapa chumvi, akaona kioevu kinadondoka kutoka midomoni. Kinatoka kwenye tezi mbili zilizolala kwenye mabonde ya fuvu juu ya macho. Shakwe aliyenyweshwa maji ya bahari ya kiasi kinachokaribia sehemu moja ya kumi ya uzito wake aliitoa karibu chumvi yote kwa muda wa saa 3 hivi, na sehemu kubwa ilipitia puani.

Ukali wa kioevu hicho hufika asilimia 5, wakati bahari ni 3.5. Ndani ya tezi kuna vijifereji vyembamba, na damu hupita kandokando yake ikielekea upande wa pili, hivi kwamba kila hatua ya njia chumvi inasogezwa kidogo tu na mwisho wa njia imekuwa nyingi. Tezi hailali na kuamka kwa ratiba. Huanza kazi chumvi inapozidi damuni, na kuacha inapopungua. Shakwe ana matundu ya pua juu ya mdomo, na kwake kioevu hutokea huko. Ndege wetu wa leo na ndugu yake mnandi wana matundu yaliyozibika kwa nje, maana huvua kwa kuzama majini, kwa hiyo kwao hupitia ndani ya kinywa na kufuata mdomo hadi nchani.

Kwa mtazamo wangu tezi hii ni ya ajabu kuliko bawa. Bila bawa la kurukia ndege wa baharini angeweza kuogelea, na pengwini wanaishi hivyo. Bila tezi hii wangelazimika kutokwenda mbali na maji baridi, yaani yasiyo na chumvi.

Ijumaa

Kamba ya utafiti imenasa papa mdogo, urefu wake kama mkono wa mtu mzima. Tumemvuta ubavuni mwa chombo bila kumtoa majini. Daktari akamdunga sindano chini ya mkia akachukua damu kidogo, akamfunga alama kwenye pezi, tukamwachia. Yote hayo hayakuchukua muda wa kuchemsha maji ya chai.

Mashine imeonyesha damu yake ni kali kama bahari, hata imeizidi kidogo. Sikulitarajia. Ila chumvi iliyomo si nyingi kama ya bahari. Pengo limejazwa na urea, uchafu ule ule ambao sisi tunaukojoa kila siku. Papa na jamaa yake taa, yule samaki bapa, hawautupi. Matamvua yao yameuzuia usivuje, figo zao zinaurudisha damuni, na kiasi chake hufika gramu 20 hivi kwa lita, zaidi ya mara 50 ya tulichonacho sisi. Kwa kuwa damu imezidi bahari kidogo, maji humwingia papa yenyewe polepole. Hana haja ya kunywa.

Lakini urea nyingi hivyo huharibu protini. Mtu mwenye kiasi hicho damuni asingeishi. Papa ana dawa yake: kemikali iitwayo trimethilamini-oksidi, inayozishika protini zisilegee. Kwa kawaida kuna molekuli moja ya hiyo kwa kila mbili za urea. Kimoja kinabomoa na kingine kinashikilia. Ndiyo sababu nyama ya papa iliyokaa hunuka amonia: bakteria wameivunja ile urea.

Na chumvi inatokea wapi? Nilikuwa nimeshika kalamu tayari. Kwenye utumbo, sehemu ya mwisho kabisa, papa ana tezi ndogo yenye umbo la kidole. Mwaka 1960 watafiti Burger na Hess walieleza kazi yake: inatoa maji yenye sodiamu na kloridi kwa ukali unaokaribia ule wa bahari, na karibu hayana urea hata kidogo. Yaani tezi inachagua. Inaiachia chumvi na kuing'ang'ania urea, kwenye kitone kile kile.

Silikanti, samaki wa kale aliyedhaniwa ametoweka hadi mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, naye hutunza urea. Yeye si jamaa wa karibu wa papa.

Jumamosi

Mvua kubwa tangu usiku, mawimbi yanapanda hadi sitahani. Alasiri upepo umekufa ghafla. Nimeteka maji ya juu kabisa, ya unene wa kiganja, nikasoma 26. Ya mita chache chini, 35 ile ile. Maji ya mvua ni mepesi, bahari ikitulia hukaa juu kwa muda kabla ya kuchanganyika.

Kumbe wapo wanaoyasubiri. Nyoka wa baharini mwenye tumbo la manjano, anayeishi maisha yake yote bahari kuu bila kugusa nchi kavu, ana tezi ya chumvi chini ya ulimi. Watafiti walifikiri inamtosha. Lakini nyoka waliokamatwa mwishoni mwa kiangazi, walipowekwa kwenye maji baridi, walikunywa kwa pupa, wakati maji ya bahari hawakuyataka hata wakiwa na kiu. Hukaa miezi wakikauka polepole, kisha hunywa mvua juu ya bahari. Leo hatukumwona hata mmoja. Nilitazama sana.

Jumapili

Tumetia nanga kwenye kisiwa kisicho na watu, na usiku tumeshuka kuwatazama kasa wakitaga. Taa yetu ni nyekundu na hafifu ili tusiwasumbue. Kasa mmoja amechimba kwa muda mrefu, mchanga unaruka, pumzi zake ni nzito. Nilipopiga magoti upande wa kichwa niliona uzi mzito wa machozi, unaong'aa, umekwisha kushuka hadi kidevuni na kushika mchanga.

Si uchungu wa kutaga. Hulia hivyo hata baharini, ila huko machozi hayaonekani. Nyuma ya kila jicho ana tezi inayotoa maji yenye chumvi karibu maradufu ya bahari. Mzigo mkubwa kuliko wote anao kasa mwenye mgongo wa ngozi, kwa sababu chakula chake ni yavuyavu, nao, kama nilivyoandika Jumatano, wana chumvi sawa na bahari. Anayekula kilo nyingi za yavuyavu ni kama anayekunywa bahari kwa ndoo. Tezi zake za machozi ni kubwa kuliko ubongo wake.

Daktari amenong'ona kwamba mamba wa maji ya chumvi hutoa chumvi kwenye ulimi, na iguana wa baharini wa visiwa vya Galápagos huipiga chafya kutoka puani. Jicho, pua, ulimi, chini ya ulimi: reptilia wamejaribu kila tundu la kichwa.

Vitoto vya kasa navyo vina yao. Kujifukua kutoka kwenye shimo na kukimbilia majini huvipunguzia maji mengi, hivyo vikifika baharini vinaanza kunywa mara moja. Tezi zao zinafanya kazi tangu siku hiyo.

Jumatatu ya pili

Pomboo wamecheza mbele ya chombo asubuhi nzima, na mchana tumeona nyangumi mmoja akipumua mbali. Nilidhani kwao nitakuta tezi nyingine. Hawana. Hawana matamvua, hawana tezi ya pua wala ya jicho. Wana figo tu, kama sisi.

Figo letu hutoa mkojo wenye chumvi isiyozidi asilimia 2 hivi. Bahari ina 3.5. Mtu akinywa lita moja ya maji ya bahari atahitaji zaidi ya lita moja ya mkojo kuitoa chumvi yake, na hiyo nyongeza inachotwa mwilini mwake mwenyewe. Ndivyo wanavyokufa waliovunjikiwa na chombo wakashindwa kuvumilia. Figo la pomboo limegawanyika kuwa vijifigo mamia vilivyoshikana, kila kimoja kamili, na mkojo wake unaweza kuupita ukali wa bahari.

Lakini siri yao kubwa ni kutokunywa sana. Pomboo anakula samaki, na samaki yule amekwisha kuifanya kazi yote niliyoieleza Jumanne: amekunywa, amechuja, amesukuma chumvi nje. Mwili wake ni maji yenye chumvi kidogo, yameletwa tayari. Sikuwahi kulifikiria hilo, na nimefurahi mno. Kisha kuna mafuta. Gramu 100 za mafuta zikiunguzwa mwilini hutoa kama gramu 107 za maji. Watoto wa sili-tembo, wakishaachishwa kunyonya, hukaa pwani wiki nyingi bila kula wala kunywa tone, wakiishi kwa mafuta ya maziwa waliyonyonya, na pua zao hunasa unyevu wa pumzi kabla haujatoka.

Jumatano ya pili

Tumeingia mlango wa mto mkubwa. Nimepima kila nusu saa: 33, 27, 18, 9. Rangi ya maji imegeuka kahawia. Viti vya pwani tulivyoviona kwenye miamba ya nje vimekoma kabisa. Havina figo wala mlango wa kufunga. Kome wapo, wamebana magamba wakisubiri maji kujaa yarudishe chumvi. Kaa wanatembea tu, matamvua yao yanavuta chumvi ndani pale inapoadimika.

Papa wa aina ya Carcharhinus leucas huupanda mto kama huu mbali sana. Akifika maji baridi hupunguza urea, ila haimalizi, kwa hiyo maji yanamwingia kwa nguvu naye anakojoa kwa wingi.

Usiku Daktari ameteremsha taa kando ya chombo, na mikunga wachanga wamekuja. Wana mwili wa kioo. Unaona uti wa mgongo na vijicho viwili vyeusi. Wamezaliwa bahari kuu na sasa wanapanda mto. Katika siku chache zijazo kila kitu kitageuzwa ndani yao: wataacha kunywa, seli za matamvua zilizokuwa zikisukuma chumvi nje zitapisha nyingine zinazoivuta ndani, na figo litaanza kumwaga mkojo mwingi mwepesi. Watakaa mtoni miaka mingi. Wakikomaa watarudi baharini kuzaa, na mtambo wote utageuzwa tena. Mkunga katika safari hiyo ya mwisho huwa ameacha kula kabisa na utumbo wake umenywea, huku mbele yake kukiwa na kilomita nyingi mno. Bado anaendelea kunywa bahari.